Nusu Yake Ukungu

Otari ana kamera ya kilo mbili na mgongo mbovu.
Kanisani Kutaisi ni mishumaa tu. Simu arobaini juu,
kila moja imelifukuza giza,
bibi harusi katoka mweupe kama sahani.
Otari akaliacha giza likae. Akangoja,
akangoja, mpaka baba mtu akajifanya anakuna jicho.
Kacha.
Hiyo ndiyo waliyoitundika ukutani.

Ila usiku, akimtafuta marehemu Lamara,
hagusi makabati ya mikanda. Anawasha simu yenye ufa:
Lamara jikoni, unga puani, mdomo wazi,
mkono mbele anakataza,
nusu yake ukungu.

Miaka thelathini, nyuma ya lenzi, alimwambia, "Tulia."
Naye, kila mara, akatulia.