Sijaona

Jina alinipa bibi, mama yake mama,
baada ya watoto watatu kuzikwa bila majina.
Akanifunua kwenye kanga, akanihesabu vidole,
akasema: Sijaona.
Hakumalizia. Hajaona nini? Wa kukaa? Wa kwenda?
Nusu ya pili ya sentensi aliondoka nayo.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Newala.
Msimu wa korosho gunia linapandishwa, sindano inacheza,
nasubiri itulie ndipo niandike.
Mzee Nachunga hunisogelea: "Andika tu themanini na moja,
binti, Mungu anajua."
Namjibu: Yeye anajua, mimi naisubiri sindano.
Wapagazi hucheka.
Sikuwa natania.

Mwaka juzi baba alilazwa. Nesi ana fomu:
jina, umri, kijiji, dini.
Hapo kwenye dini nikanyamaza.
Akautazama ushungi wangu, akaitazama foleni,
akajaza mwenyewe.
Simlaumu. Watu walikuwa wengi
na swali langu halikuwa la dharura.

Usiku wa mwisho baba alikataa uji, akataka Yasini.
Kaka yuko Nanyumbu, simu haipatikani.
Nikasoma mimi, sura nzima, kwa ghibu,
sikukosea hata irabu.
Nilikuwa kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba asiyo na hakika ina mwenyewe,
lakini mgongoni amebeba mgonjwa,
ataachaje kubisha?

"Mungu akulipe, mwanangu," mama akasema.
Nikasema, amina.
Neno likatoka, likaenda zake.
Sijui lilifikia wapi.

Binamu yangu Dastani, mwalimu wa fizikia,
ananiambia hakuna.
Anaisema hakuna kwa sauti ileile
ambayo maalimu wangu alisemea yuko,
kidole juu, na fimbo karibu.
Mimi sina fimbo. Nina kisilabi kimoja tu cha urithi, ja.
Si sikuona, nikafunga daftari.
Si sioni, nikatafuta wa kunishika mkono.
Sijaona:
bado niko kwenye foleni, nimekalia ndoo yangu.

Jumapili moja nilimpeleka mpwa wangu Shimo la Mungu,
pale uwanda unapokatika ghafla
na chini yake kuna bonde lote hadi Ruvuma.
Siku hiyo bonde halikuwepo. Ukungu ulijaa mpaka ukingoni
kama uji uliotiwa na mtu mkarimu.
Akachungulia, kidole changu kakishika.
"Mwenye shimo yuko wapi?"
Nilikuwa na majibu mawili, yote ya kuazima.
Hakungoja. Akaokota jiwe, akalitupa.
Tukasikiliza.
Tukasikiliza kupita kiasi cha jiwe.

Lipo ninaloliogopa, sitalificha.
Si moto, si kaburi.
Ni siku mama atakapolala upande ule wa kitanda
akataka nimsomee,
na mimi nitasoma vizuri sana.

Alfajiri, muadhini akishanyamaza,
mama hugonga dirisha langu.
Maji ni ya kununua, ndoo ni moja:
yeye atawadhe kwanza, mimi nioshe uso kwa yanayobaki.
"Sijaona!" anaita kwenye baridi. "Sijaona!"
Miaka thelathini na minne analitamka hilo,
kabla ya sala na baada ya sala,
na sijawahi kumuuliza analisikiaje.

Abee, mama.
Natoka.