Usipige Makofi

Kazini, kiwandani nje ya Tartu,
napima maziwa kwa tani.
Nyumbani nayapima kwa bomba la sindano:
mililita sitini, saa tatu usiku,
mililita sitini, saa sita,
na mashine inahema kando ya kitanda
kama mbwa mzee aliyechoka kubweka.

Joosep alizaliwa wiki ya ishirini na sita,
mwepesi kuliko mkate mweusi ninaoukata asubuhi.
Kinywa ni jumba la maneno, walisema waliosema.
Jumba la mwanangu waliliingia wageni bila hodi:
mpira wa pumzi, mrija wa makohozi,
gundi, kidole chenye glavu.
Akajifunza kufunga mlango.
Sasa ana miaka mitatu, na komeo limeshika.

Bibi yake, Helju, hakukubali.
"Njaa ikimbana atakula," alisema,
akamfuata sebule nzima na kijiko cha uji wa shayiri,
kimoja cha babu, kimoja cha paka,
hadi Joosep akatapika juu ya zulia
na Helju akaketi palepale, kijiko mkononi,
akilia kwa lafudhi ya kisiwani kwao
ambayo sikuwahi kuisikia kabla.
Sikumlaumu.
Mimi ndiye niliyeshika mikono ya mtoto.

Virve hana kijiko.
Ana chumba chenye sakafu ya plastiki,
ana bitiruti tatu zilizochemshwa,
na soksi zake mwenyewe zimelowa zambarau.
"Leo hatuli," aliniambia siku ya kwanza.
"Leo tunachafuka."
Nikawaza: nimeomba ruhusa kazini,
nimepanda mabasi mawili, theluji yote hii,
nije kumtazama mtu mzima akijipaka chakula magotini?

Jumanne ya pili Joosep alisimama mlangoni.
Ya nne, aligusa bitiruti kwa kiwiko.
Ya saba, kwa kidole, akalia, akagusa tena.
Ya nane, hakuna.
Ya tisa, hakuna.
Ya kumi aliugua.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini nani aliyewahi kukesha akikiangalia kibaba?
Daftari langu lina safu ya *kinywani*,
na safu nzima ni sifuri, sifuri, sifuri,
mayai yaliyopangwa ambayo hakuna anayeyaatamia.

Jambo moja Virve alinifundisha, akalirudia:
akionja, usipige makofi.
Usiseme hongera. Usimpigie bibi simu mbele yake.
Ulimi ni wake.
Ukiushangilia, unamnyang'anya.

Kisha ikawa Februari, kituo cha basi karibu na mto,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Joosep alikuwa amegoma kuvaa glavu mpya,
akang'ang'ania zile kuukuu za sufi,
zilizoshika rangi siku aliyozivaa kabla hajanawa.
Nilikuwa nasoma ratiba.
Nilipogeuka, glavu ilikuwa mdomoni.
Wala haikuwa bahati mbaya. Aliifyonza,
akaitoa, akaitazama
kama mtu aliyepata barua yenye jina lake,
akairudisha.

Mikono yangu ilipanda yenyewe.
Niliikamata hewani, nikaitia mifukoni,
nikakunja ngumi hadi kucha zikaniuma.
Basi likaja, likafungua milango, likasubiri,
likaondoka.
Sijui dereva aliona nini:
baba anayekodolea macho paa la kituo,
mtoto anayekula glavu.

Saa tatu usiku, mililita sitini.
Mashine ikaanza kuhema.
Kwenye safu ya *kinywani* nilishika kalamu muda mrefu.
Sufi? Theluji? Rangi?
Joosep alipolala nikaenda jikoni,
nikafunga mlango, nikampigia Helju.
"Amekula?" akauliza, kama kila siku.
"Glavu," nikasema.
Kimya. Nikasikia saa ya ukutani kwake.
Kisha, taratibu:
"Ipi? Ile niliyomfumia mimi?"