Nyuzi Tisa

Simiti amelala chali mezani, ulimi nje,
dawa ya usingizi imemfika hata kwenye kucha.
Ni mbwa wa ghala la saruji kule Shimanzi:
alizaliwa juu ya magunia yaliyopasuka,
akatoka kijivu, na kijivu akabaki.
Mwezi wa tatu huu anakimbia kwa miguu mitatu na nusu,
hatua mbili sawa, ya tatu anaukunja wa nyuma wa kushoto
kama mtu anayeficha deni.

Ndurya, mlinzi mwenzake, kasimama mlangoni na rungu.
Nimemwambia aliweke nje. Hakuliweka.

Navaa aproni ya risasi, nzito kama lawama.
Naushika mguu, naunyosha, nauzungusha taratibu
hadi pia ya goti iangalie dari.
Pia hii haitulii. Inachepuka kwenye mfereji wake
kama pia ya mtoto aliyeirusha
kabla hajamaliza kuizungushia uzi.
Stima imepotea, jenereta inakohoa uani.
"Usipumue," namwambia mbwa,
na anayeacha kupumua ni mimi.

Picha ya kwanza naibandika kwenye sanduku la taa.
Penseli, rula, kipimapembe cha mwanangu
(amekiandika jina kwa wino, kisiibwe na watu kama mimi).
Mstari mmoja unashuka katikati ya fupa la paja,
mwingine unakwenda mkato chini ya vifundo vya goti,
na pale inapokutana nahesabu nyuzi.
Kumi na nne zaidi ya haki yake.

Mfupa wa namna hiyo hukatwa kabari,
ukanyoshwa, ukatiwa chuma na misumari.
Daktari Maimuna hakusema kitu.
Alikuwa akiisoma bei kwenye uso wa Ndurya.

Ndurya zamani alikuwa fundi wa kuta, Mtwapa.
Akasogea, jicho moja kalifumba:
"Sisi ukuta ukionekana umepinda,
kwanza tunauliza nani alishika timazi."

Niliudhika. Kisha nikatazama.
Nyuma ya goti kuna vifupa viwili, wadogo wa kunde,
na kingo za paja hutakiwa zivipasue katikati.
Kimoja kilipasuka. Kingine kilikuwa kizima, nje kabisa,
kikinicheka.

Utotoni, Kuze, waliniita Mabano.
Mpira ulipita kati ya magoti yangu
usiguse hata pindo la kaptura.
Bibi alinikanda kwa mafuta ya nazi, akawafokea majirani:
"Huyu hana tege, ni nyinyi mumesimama upande!"
Tege nilikuwa nalo. Nalo hadi leo.
Ila kiasi gani, hakuna aliyepima;
walinitazama kwa ubavu, wakapitisha.

Nikamrudia Simiti.
Mfuko wa mchanga chini ya nyonga, upande wa kulia,
kitambaa kilichokunjwa mara mbili, halafu mara tatu,
mguu ukageuka kiasi cha ukurasa mmoja wa daftari.
Kunde zote mbili zikapasuka.

Nyuzi tisa.

"Huu hatuukati," Daktari akasema, akivua miwani.
"Tutachimba mfereji, tutairudisha pia mahali pake, basi."
Tisa si sifuri. Mguu ni tege bado,
na hizo tisa ni zake, kazaliwa nazo.
Zile tano zilikuwa za mkono wangu.

Jioni Simiti aliamka, akanusa aproni, akaikojolea.
Ndurya akaomba picha.
Nikampa ya pili, iliyo sawa. Akaikataa.
"Nipe ile ya kwanza. Nitaibandika dirishani mwa kibanda,
taa nyuma yake.
Kama imenitisha mimi, itawatisha wezi."

Nikampa.
Mistari yangu sikuifuta.