Tafadhali Usizime Mashine

Jumanne kompyuta yangu ilikuwa mzee mwenye adabu:
ilikohoa, ikafikiri, kisha ikatii.
Jumatano Murusali akaja na flashi mfukoni.
Shangazi, dunia imekuacha hapa Bombo,
nikuwekee toleo jipya, dakika ishirini tu.

Dakika ishirini za Murusali
zilianza baada ya adhuhuri.
Magharibi ikatukuta asilimia thelathini na mbili,
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama mbuzi wa kambani
aliyekwisha kula kila jani analolifikia.
"Tafadhali usizime mashine," iliandikwa.
Mimi sikuzima.
Umeme ulizima.

Uliporudi, Murusali alikuwa ameshakwenda harusini Luwero,
simu yake haipatikani.
Nikawasha. Ikaamka na uso wa mgeni.
Picha ya wajukuu imeondolewa,
umewekwa mlima wa theluji ambao si Rwenzori.
Nikibonyeza alama za mtajo
naletewa kile kidudu cha barua pepe.
Sauti hakuna. Saa yake inasema ni Januari,
mwaka ambao Hadija wangu alikuwa bado anatambaa,
na kwa nukta moja, Mungu anisamehe,
nilitamani iwe kweli.

Nikaamuru printa.
"Dereva wa printa hakupatikana."
Dereva! Miaka sita printa iko mezani,
sikujua ina gari.
Aliajiriwa lini? Nani alikuwa akimlipa?

Na Ijumaa wanakuja wasuka vikapu,
wanawake ishirini na sita, kugawana akiba ya mwaka,
kila mmoja atataka kuona jina lake kwenye karatasi
na tarakimu mbele yake.

Nikanunua bando nimtafute dereva.
Bando likaliwa na toleo jipya
lililokuwa likijipakulia toleo jipya zaidi,
kama shemeji anayefunua sufuria kabla hajasalimia.
"Kuna jambo halikwenda sawa," ikaniambia.
Jambo gani?
Hata mtoto aliyevunja gilasi
hukwambia: gilasi.
"Je, maelezo haya yamekusaidia?"
Nikabonyeza Hapana kwa kidole chenye uchungu wa siku mbili.
Ikanishukuru.

Mume wangu akapita na birika lake la udhu.
Abdunuru alikuwa fundi wa redio jeshini,
anaamini kila kifaa kina shavu lake.
Chomoa, akasema. Chomeka.
Nimechomoa.
Nimechomeka.
Nimechomoa hadi friji, na samaki wakatoa jasho.
Basi ipige kofi.
Nilimtazama hadi akaenda kuswali.

Alhamisi, saa sita za usiku,
nilivuta daftari kutoka chini ya kitambaa cha meza.
Halikuniomba nenosiri.
Halikuuliza kama mimi ni mimi.
Niliandika majina ishirini na sita kwa mkono,
mistari ikapinda kidogo kuelekea chini
kwa sababu macho yalishalala kabla yangu.

Alfajiri, adhana haijaisha,
kitu kikanguruma sebuleni.
Nikatoka na ufagio, nikidhani panya.
Gizani printa inatema,
kila amri niliyoipa tangu jana
ilikuwa imeiweka moyoni kama kisasi.
Kurasa kumi na moja, zote ile ile ya tatu:
Fadhumu Kenyi, deni, elfu arobaini.
Fadhumu Kenyi, deni, elfu arobaini.
Maskini Fadhumu, mara kumi na moja
kwa mkopo mmoja wa ukindu na rangi.

Nilizikusanya zote, nikazificha chini ya godoro.
Daftari ndilo lililosoma hesabu.

Jioni Murusali akapiga simu,
nyuma yake ngoma bado zinalia.
Shangazi, vipi, ilikwenda vizuri?
Nikamwambia:
kuna jambo halikwenda sawa.
Jambo gani?
Nikakata.