Namba Nne

Daktari Zedda amenipigia saa tatu asubuhi,
niko wodini Cagliari, kiti cha dirishani,
mfuko wa pili wa damu ndio kwanza unaanza kudondoka.
"Viinitete sita. Tumevipima vyote.
Vitatu vimemfuata mumeo: vibebaji tu, havitaugua.
Vitatu vimekufuata wewe."

Hilo "wewe" amelitua taratibu,
kama atuaye chungu chenye ufa.

Kumfuata mama!
Neno la kushangilia penye kitanda cha mzazi,
pua ya mama, vidole vya mama, hata hasira.
Leo ndilo kosa.

Nikauliza, sijui kilichonituma,
kipi kimekua vizuri kuliko vyote.
Akakawia.
"Namba nne. Pole, Gavina. Ni chako."

Babu Antiogu alichimba mitaro ya kukausha vinamasi,
malaria ikazoa nusu ya kikosi chake,
yeye ikamtikisa, ikamwacha.
Wakasema ana dua. Kumbe ana damu:
kasoro moja ngao,
kasoro mbili kaburi.
Mimi nilirithi mbili, kila mzazi kanipa yake,
wala hakuna aliyejua anatoa nini.

Usiku mama alinichoma sindano ya pampu tumboni,
ya kutoa chuma kilichoachwa na damu za watu,
akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu,
ili nisisikie pumzi yake.

Lakini nimeishi, namba nne.
Miaka thelathini na sita, mifuko elfu na ushei.
Nimecheza harusini kwangu hadi kisigino kikang'oka,
nimegombana na jirani miaka saba kwa ajili ya paka
(paka amekufa, ugomvi uko).
Asikudanganye mtu kwamba haikuwa kitu.

Bachisio anasema, amua wewe, damu ni yako.
Si yangu, Bachisio.
Yangu huniishia kila wiki ya tatu.
Hii ni ya dereva fulani, ya mwalimu fulani,
ya mtu aliyekunja shati, akapewa juisi, akaenda zake.

Nikamwambia daktari: namba mbili.
"Na hivi vingine? Kuna fomu ya kutia saini."

Mwezi ujao, nikasema.
Leo mkono umefungwa mrija.

Hakuniuliza mkono upi.
Naandika kwa kushoto,
na kushoto kulikuwa huru.