Daftari la Vipimo

Cherehani yangu imekaa juu ya jiwe la volkeno,
hapa Birere, ndani ya kibanda cha mbao na bati.
Mguu wake mmoja ni mfupi, nimeutegea kipande cha ndala.
Goma hata sakafu iliwahi kuwa moto.
Tuliifagia, tukaweka kiti cha mteja.

Ninapima watu. Kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono,
naandika katika daftari la shule kwa kalamu ya risasi
(ndivyo inavyoitwa, sikuipa jina mimi).

Alikuja mmoja na nembo begani.
"Fundi, toa hii, weka hii."
Nikafumua uzi wa kijani, nikashona wa manjano.
Mwaka haukuisha, akaja mwingine na koti lile lile;
nalijua, kiraka cha kwapani ni kazi ya mkono wangu.
"Fundi, toa hii, weka hii."
Kichwa kingine kimechomoza kwenye kola ile ile.
Sikuuliza yule wa kwanza alilivuaje.

Nyuzi nilizofumua zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Kahindo, anayejifunza kazi kwangu, alizimwaga mezani
akaanza kuzichambua: hizi za nani, hizi za nani.
Kabla ya adhana ya mchana
alizirudisha zote koponi, akafunga kifuniko.

Tena yupo mheshimiwa. Daftarini nimemwandika Suruali Nyeusi.
Kila akiitwa kwenye mazungumzo, kule ng'ambo, hotelini,
huniletea suruali niipanue kiuno.
Duru ya kwanza: themanini na nne.
Ya pili: tisini na moja.
Walipotia saini: tisini na sita.
Walipokana saini: mia moja na mbili.
Nikamwambia, mheshimiwa, kitambaa kimekwisha,
mshono umefika ukingoni.
Akacheka hadi kifungo kikalia.
"Amani, fundi, inataka subira."
Ni kweli. Na deni langu nalo linasubiri.

Husemwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.
Mimi tembo sijawahi kumpima.
Wanaoingia humu ni nyasi zenyewe zimevishwa sare,
mikono ya koti imezimeza vidole.

Mmoja alikuwa na kifua cha sentimeta sitini na sita.
Nilipima mara mbili, nikidhani futi imejikunja mgongoni.
Bunduki aliiegemeza kwenye pasi ya makaa,
nikamwomba aisogeze, akasema samahani, baba.
Kisha, kwa sauti ya chini, wenzake wasimsikie:
"Uniachie nafasi kidogo. Bado nakua."

Juzi ameingia Nsimire, muuza makaa wa Majengo,
chukudu yake ameiacha mlangoni, imeelemea upande.
Ametaja jina: Ombeni.
Nimefungua daftari. Kidole chake cheusi kimeshuka ukurasa mzima
kikasimama kwenye sitini na sita,
kikaacha alama hapo, kama muhuri.
Hakulia. Aliuliza bei ya tetroni nyeupe,
mita moja na nusu, shati la shule.
"Ulimpima lini?"
Nikamwambia, kabla ya mvua za mwaka jana.
"Basi sasa atakuwa kiasi gani?"

Hilo hakuna aliyenifundisha.
Usiku redio ilisema watakutana tena, tarehe itatangazwa.
Nilikata bega la mtoto wa miaka kumi na mitano,
nikakunja mikono, nikaacha pindo la vidole vinne,
na pembeni, ndani, kitambaa cha akiba
ambacho nje hukioni.

Linaning'inia msumarini, nyuma ya mlango.
Vumbi jeusi la hapa halichagui cheupe cha nani.
Kila Jumamosi Kahindo hulishusha,
hulifua, hulianika,
hulirudisha.

Mkononi nimelitia vifungo viwili,
kimoja cha sasa,
kimoja cha baadaye.