Ripoti ya Fedha za Mbegu

Kwa Ofisi ya Utafiti, chumba namba sita,
ghorofa ya pili, mlango unaolalamika:

Mimi ni Tusajigwe Mwakibete, mhadhiri msaidizi.
Mlinipa milioni tatu na laki mbili,
mkaziita fedha za mbegu,
nikacheka peke yangu ngazini, maana niliomba
fedha za kununua mbegu.

Fomu iliuliza: changamoto ipi ya dunia?
Mistari mitano. Nikaandika: njaa.
Minne ikabaki mitupu
kama matuta ya Kikondo mnyauko ukishapita.

Matumizi ni haya.
Bodaboda, Isyonje hadi Kikondo, safari kumi na moja.
Risiti sina. Ambokile dereva aliandika kiasi
nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanawe,
na kadi ile, mtaniwia radhi, alirudi nayo.
Mbao za kichanja. Misumari. Wavu wa kuzuia nondo.
Buti za mpira jozi mbili: moja yangu,
nyingine ya Mama Subilaga, aliyenikodisha
nusu ya ghala lake,
akakataa kusaini mkataba mpaka amalize kupalilia.

Viazi elfu mbili na mia nne.
Nilivipa namba kwa wino mwekundu, siku nne,
mgongo ukaniuma kama wa mvunaji.
Nusu tukavipanga kichanjani, mwanga uviguse kwa mbali;
nusu shimoni, gizani, kama walivyofanya bibi zake.
Swali langu: vipi vitachipua, vipi vitaoza.
Swali zuri. Mlilipigia makofi ukumbini,
profesa mmoja akasema lina upeo.

Novemba nikahesabu. Desemba nikahesabu.
Ukungu ulikaa Uporoto kama mgeni asiyeaga,
nami nikahesabu kwa vidole vyenye ganzi.

Januari nikakuta kichanja kitupu.

Mama Subilaga hakujificha.
Alisukuma kuni ndani, akafuta jicho lenye moshi:
"Vya mwanga niliuza. Vilichipua vifupi, vinene,
vya kijani, watu wakagombania kama mbegu ya serikali.
Hilo liandike.
Shule imefunguliwa. Sweta mbili, viatu jozi moja;
Lugano atavaa vya dada yake.
Vya gizani tulikula, vile ambavyo havikuoza.
Karibu nusu vilioza. Hilo nalo liandike."

Namba 1417 niliiona mwenyewe
kwenye hori la nguruwe, imeshikilia ganda.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki, nilikuwa na mkataba.
Lakini alinipa kigoda, akanipa chai ya tangawizi,
na nje Lugano alikuwa akitembea taratibu sana
asivikunje viatu vya dada yake.

Mbegu, tunafundishana darasani, huliwa na nondo,
huliwa na kuoza, huliwa na baridi.
Hakuna mhadhara wangu hata mmoja
uliotaja kwamba huliwa na kengele ya shule.

Kwa hiyo chini ya Matokeo nimeandika ukweli:
jaribio limevurugika, takwimu hazitoshi,
soko lilipima kabla yangu, likapima vizuri.
Na chini ya Mapendekezo nimeandika swali jipya,
lile nililopaswa kuanza nalo:
kaya ipitie wapi Januari
ili mbegu ibaki mbegu?
Sijui jibu. Najua litahitaji mtu wa uchumi,
mtu wa viazi, na Mama Subilaga alipwe posho
kama mtafiti, si kama mwenye ghala.

Salio: shilingi elfu mbili mia tatu,
zimo kwenye bahasha.

Na kiazi kimoja.
Nilikisahau mfukoni mwa koti siku ya kwanza.
Kiko dirishani kwangu, upande wa Loleza,
kimetoa macho matano.
Nimetafuta safu ya kukiingiza.
Fomu yenu haina.